Jino la Pili, Kushoto kwa Mgonjwa

Mwalimu wetu wa usafi na kinga ya maambukizi tulimwita Kwanza Nawa, na hatukukaa kikao kumchagulia jina hilo. Kila ulipomuuliza kitu, jibu lilianza hivyo. Mwalimu, trei hii naiweka wapi? Kwanza nawa. Mwalimu, naomba ruhusa, tumbo linanisokota. Kwanza nawa. Siku moja mwenzetu alimletea habari kwamba ameposwa, furaha imemjaa, meno yote nje. Mzee akamtazama mikono, akamwonyesha bomba. Pongezi alipewa baada ya kukausha vidole.

Mimi nilimjua kwa pande mbili, ndiyo maana naona nina haki ya kumsimulia. Asubuhi alikuwa mwalimu wangu katika chuo kidogo cha wasaidizi wa madaktari wa meno, vyumba viwili tu nyuma ya kliniki. Jioni alikuwa jirani yangu. Nilipanga chumba kwenye nyumba ile ile aliyopanga yeye, mlango wangu ukitazamana na wake uani. Kwa hiyo nilimwona akifundisha, na nilimwona akiosha kikombe chake kimoja. Alikiosha kama anayejiandaa kuingia chumba cha upasuaji: ndani, nje, mkono wake, ukingo, kisha anakifudikiza juu ya kitambaa safi. Halafu anaingia ndani na mlango unafungwa. Redio hakuwasha. Simu yake ikilia, ni kampuni ya simu inamtangazia bahati nasibu. Wapangaji wenzetu walisema mzee anajidai. Nilikuwa nikiudhika sana kusikia hivyo, kwa sababu mtu anayejidai hutaka aonekane, na huyu hakuwa na wa kumwona.

Mkewe alifariki kabla mimi sijahamia pale, na hawakujaliwa watoto. Habari zao alinipa mama mwenye nyumba, mwanamke ambaye siri haijawahi kulala kwake, na kwa hilo namshukuru.

Alinihadithia kwamba Kwanza Nawa, alipokuwa bado mwanafunzi, alitakiwa kuchukua chapa ya meno ya mtu hai. Unakoroga unga laini na maji, unajaza kwenye trei yenye umbo la taya, unamkandamizia mtu mdomoni mpaka ugande. Ukiutoa, meno yameacha mashimo yake. Ndani ya mashimo hayo unamimina plasta, ikikauka unapata sanamu ya meno kama yalivyo. Ndugu zake wote walimkimbia. Ng'ambo ya chuo kulikuwa na binti fundi cherehani aliyemshonea aproni, akaenda kumwomba yeye. Binti akakataa. Huyo alikuwa hacheki bila kujiziba mdomo, kwa sababu jino lake la pili la juu, upande wa kushoto, lilikuwa limegeuka na kumlalia mwenzake.

"Akambembeleza weee," mama mwenye nyumba alisema. "Mwishowe shoga yangu akamwambia, ukicheka tu nakuchoma sindano. Akafungua mdomo. Ule unga ukamshuka kooni, akamtapikia viatu!"

"Mzee akafanyaje?"

"Akatoa trei kwanza, akaangalia kama chapa imetoka vizuri. Halafu akamwambia, jino lako limetoka zuri sana. Mwenzangu, mwanamume mwingine angesema macho yako."

Alipata alama nzuri, akapata na mke. Ile sanamu ikabaki kabatini chuoni. Miaka ikapita, kijana akawa mwalimu wa chuo kile kile, na akaitumia sanamu hiyo kufundisha majina ya meno. Mkewe aliendelea kujiziba mdomo maisha yake yote. Mama mwenye nyumba alinionyesha picha zao: ya harusi, ya sherehe za watu, ya mbele ya cherehani. Katika zote midomo imefungwa kama mtu aliyeficha peremende. Aliyetaka kuyaona meno yale baada ya kuzikwa kwake alikuwa na mahali pamoja tu pa kuyatazama, nalo ni kabati letu.

Basi sisi tulijifunza kinywa cha binadamu kwenye kinywa chake. Mwalimu aliishika sanamu kwa vidole vya mikono miwili, kama mtu aliyebeba yai, akaiweka juu ya meza iliyofunikwa karatasi. Meno ya mbele ya kukatia. Chonge la kuchania. Magego madogo, magego makubwa ya kusagia. Hapa ufizi, hapa kaakaa, hapa mate hutoka. Kisha anaanza kutuvizia.

"Jino hili ni lipi?"

"La pili la juu, kulia," mtu anajibu.

"Kulia kwa nani?"

"Kulia kwangu, mwalimu."

"Wewe hapa humo! Aliyelala kitini ndiye mwenye kulia na kushoto. Ukimwambia daktari kulia kwako, atang'oa jino zima na kuacha bovu. Rudia."

"La pili la juu, kushoto kwa mgonjwa."

"Sawa. Kwanza nawa, halafu ulichore."

Tulichora sanamu ile mpaka vidole vikaota sugu. Tulichora kwa kutazama, tukachora kwa kukumbuka, tukachora ubaoni huku yeye amesimama nyuma yetu akihema. Mimi nilijua ni meno ya nani, wenzangu hawakujua, na sikuwaambia. Niliona si langu la kusema. Wakati mwingine alipodhani tumezama kwenye kazi, nilimwona akipitisha kidole juu ya lile jino lililolala, taratibu, akaliacha.

Kwa upande wa usafi alikuwa hana mchezo hata kidogo. Alikuwa na somo lake la wino. Anakupaka wino mwekundu kwenye glavu, anakwambia fanya kazi kama kawaida: msaidie daktari, shika mrija wa kufyonza mate, panga vifaa. Ukimaliza anakupa kioo. Wallahi utajionea haya. Wino kwenye barakoa, wino kwenye nywele, wino kwenye mpini wa droo, wino shavuni ulipojikuna bila kujua. "Mate na damu ya jana havina rangi kama hii," anasema. "Ndiyo maana mnaviamini." Katika darasa letu ni mmoja tu aliyewahi kutoka bila doa. Huyo tulimwita Kiranja, ingawa hakuna aliyemchagua. Alikaa mbele, alijibu kabla ya swali kuisha, na sheria za mwalimu alizishika kuliko mwalimu mwenyewe. Alinichosha, sitaki kusema uongo.

Sheria kubwa kuliko zote ilihusu chumba cha kusafishia vifaa. Chumba kile kilikuwa na pande mbili. Upande mchafu vifaa vinaingia vikitoka mdomoni mwa mtu: vinalowekwa kwenye dawa, vinasuguliwa, vinasuuzwa. Kisha vinapita kwenye mashine ya mvuke, na vinatokea upande safi. Njia ni moja, haina kurudi. Kitu chochote kikigusa kaunta ya upande mchafu ni kichafu, hata kama umekitoa dukani sasa hivi na karatasi yake. "Usiulize kimetoka wapi," alikuwa akisema. "Usiulize cha nani. Uliza kiko upande gani."

Mwaka ukiwa unaelekea ukingoni, kliniki ikahitaji nafasi ya wagonjwa wanaosubiri, na darasa letu likageuzwa ukumbi wa kusubiria. Sisi tukahamishiwa kwenye chumba kimoja cha matibabu kilichokuwa hakitumiki. Daktari mkuu, mtu mpole tu, akapita kukagua na kukuta kabati la sanamu.

"Mwalimu, hii plasta inasafishika?"

"Haisafishiki, daktari. Ina vitundu, inanyonya maji. Dawa inailainisha."

"Basi chumba cha matibabu..."

"Haikai. Najua. Nafundisha hivyo mwenyewe."

Daktari akasema ameagiza meno ya plastiki, yatafika karibuni. Hayakufika mpaka tunahitimu. Akamwambia pia kwamba sanamu hiyo ya zamani haina kazi tena, akitaka aichukue, asipotaka itupwe. Nilikuwa nimesimama karibu na kabati nikipangua droo.

"Nitaichukua," mzee akasema.

Jioni ile kukatokea maajabu uani kwetu: Kwanza Nawa alikuja kugonga mlango wangu. Tangu nihamie tulikuwa na salamu yetu moja. Mimi nasema shikamoo mzee, yeye anasema marahaba binti, umepiga mswaki? Basi. Siku hiyo alisimama na kipande cha ubao kwapani, akaniuliza kama nina nyundo. Nilikuwa nayo. Nikaenda kumshikia ubao huku akigongea misumari ukutani, juu ya meza yake ya kulia chakula, mahali ambapo mtu aliyekaa kitini angekitazama kitu uso kwa uso. Kilikuwa ni chumba safi mno. Kitanda kimetandikwa bila kunyanzi. Cherehani imefunikwa shuka jeupe.

"Mzee, unatarajia mgeni?" nikamtania.

"Si mgeni," akajibu. Akapangusa vumbi la ukuta kwenye ile rafu, akapangusa tena. Halafu akafanya jambo ambalo sikuwahi kuliona: akatabasamu mpaka gego la mwisho. Alikuwa na meno mazuri, na sikuwahi kujua. "Nitakula naye," akasema.

Niliporudi chumbani kwangu nilimsikia anapiga mluzi. Mama mwenye nyumba akatoa kichwa dirishani kuhakikisha ni yeye.

Kesho yake, baada ya somo, mzee alivaa glavu, akatoa sanamu kabatini, taya la juu na la chini. Sasa hapa ndipo penye uchungu, na nikikumbuka hasira inanipanda, ingawa sijui nimkasirikie nani. Kitu kinachotoka chumba cha matibabu hupitia upande mchafu. Hiyo ni sheria. Yeye akaifuata, kama alivyoifuata maisha yake yote, na kwa sanamu ya mkewe hakujipendelea. Akaiweka kwenye kaunta ya upande mchafu, akatoka kwenda stoo kutafuta boksi na pamba za kuifungia.

Huko stoo alichelewa. Nadhani alikuwa akichagua boksi lililo zuri.

Zamu ya kusafisha vifaa ilikuwa ya Kiranja. Akaingia, akakuta meno kwenye kaunta chafu. Hakuuliza yametoka wapi. Hakuuliza ya nani. Akayaloweka kwenye dawa, akayasugua kwa brashi ngumu, na huyu binti akisugua anasugua, akayasuuza, akayatia kwenye mashine ya mvuke, akafunga mlango.

Tulikuwa upande safi tukipanga trei mimi na wenzangu wakati mashine ilipopiga kengele. Mzee naye akawa anaingia, boksi mkononi, pamba zimechambuliwa vizuri ndani yake. Akatazama kaunta. Akatazama mashine. Kiranja akaifungua na kuvuta trei, na juu yake kulikuwa na donge jeupe lililopasuka, chenga kila upande. Magego yalikuwa yanajulikana kidogo. Meno ya mbele yalikuwa yamelika yote, yamebaki vinundu, hulijui la kwanza wala la pili.

Kiranja alianza kuona kwamba kuna kitu, lakini hakujua ni kitu gani.

"Ilikuwa upande gani?" mzee akauliza. Sauti yake ilikuwa ya kawaida, ndiyo iliyonitisha.

"Upande mchafu, mwalimu."

"Nani aliiweka?"

"Sijui, mwalimu. Niliikuta tu."

Akatikisa kichwa kukubali. "Basi umefanya sawa."

Akavua glavu. Kwa mikono mitupu akakusanya zile chenga, moja moja, akizigeuza na kuzitazama, akitafuta. Nilijua anatafuta lipi. Hakulipata. Akazirundika kwenye kiganja, akasimama mbele ya mapipa mawili ya taka, lile la taka hatari na lile la taka za kawaida. Mtu aliyetufundisha kutenganisha taka alisimama pale kama mgeni wa siku ya kwanza.

"Imeshapita kwenye mvuke," akasema hatimaye, na sijui alikuwa anamwambia nani. "Ni taka za kawaida."

Akazitia huko. Akatoka nje kwenye ukuta wa nyuma. Aliporudi alitufundisha kipindi kilichobaki, namna ya kufungasha vifaa kwenye mifuko ya karatasi, bila kuruka neno. Lakini kwa mara ya kwanza hakuwa amenawa. Mikono yake ilikuwa na unga wa plasta, na kama kwenye somo la wino, tukaona kila mahali ilipopita. Alama nyeupe kwenye kitasa cha mlango. Kwenye fremu ya miwani. Chini ya macho yote mawili, alama ndefu za vidole, mpaka mashavuni. Hakuna aliyethubutu kumpa kioo.

Tulipotoka nilimvuta Kiranja pembeni nikampasulia ukweli wote, na sikuchagua maneno. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akakaa chini kwenye ngazi na kulia kama mtoto, akisema, "Lakini ilikuwa upande mchafu! Ilikuwa upande mchafu!" Angeulizwa mtu yeyote kati yetu, hata mimi niliyejua, jibu la darasani lingekuwa hilo hilo.

Uani mambo yakarudi yalivyokuwa, ila mabaya zaidi. Mluzi uliisha siku hiyo hiyo. Mzee aliosha kikombe chake, akafunga mlango. Siku moja nilimpelekea maji ya moto, mlango ukiwa nusu wazi, nikamwona amekaa mezani, sahani mbele yake, ametazama ile rafu tupu. Hakuwa ameing'oa. Nikasema hodi, akasema karibu, nikaacha maji nikaondoka. Hata mswaki hakuniuliza.

Mtihani wa mwisho ukafika. Swali la kwanza halikutushangaza: chora meno ya juu ya mtu mzima, kwa kukumbuka, na uyataje yote kwa pande za mgonjwa. Hatukuwa na sanamu, hatukuwa na plastiki, tulikuwa na mikono yetu tu. Tukachora, tukakusanya karatasi, tukaenda chumba cha vifaa kuosha trei. Mzee akabaki mezani akisahihisha. Mimi nilikuwa kwenye kile kidirisha cha kupitishia trei, nikamwona vizuri.

Alichukua karatasi ya kwanza, kalamu nyekundu ikashuka, ikasimama. Akaiweka kando. Akachukua ya pili. Akachukua ya tatu, safari hii kwa haraka. Kisha akazitandaza zote mezani, mpaka pembeni, akasimama akiziinamia. Halafu akaenda kwenye bomba akafungua maji, akanawa, na maji yale yakamwagika, yakamwagika, mpaka Kiranja akaja kusimama nami kidirishani.

"Kuna nini?" akanong'ona.

Mzee akatuita wote. Tukajipanga mbele ya meza. Ndipo na mimi nikaona. Katika kila karatasi, ya mwenye mkono mzuri na ya mwenye mkono mbaya, jino la pili la juu, kushoto kwa mgonjwa, lilikuwa limegeuka na kumlalia mwenzake. Hakuna hata mmoja wetu aliyelichora limesimama. Mimi mwenyewe niliyekuwa najua habari yote nililichora hivyo bila kufikiri. Mkono haukujua jino jingine.

"Nani aliwafundisha kuchora jino hili hivi?" akauliza.

"Wewe, mwalimu," Kiranja akajibu, kwa mazoea yake ya kujibu kabla ya kufikiri. Halafu akatazama mezani, akaelewa, akajiziba mdomo kwa mkono.

"Jino la pili husimama wima," mzee akasema. "Kwa mtu wa kawaida husimama wima. Hapa mmekosea, wote. Nimewakata alama kila mmoja."

Hiyo ndiyo alama ya kwanza Kiranja kukatwa tangu aingie chuoni. Lakini sidhani alijali. Machozi yalikuwa yanamchuruzika, na alikuwa tayari ameshachukua kifutio mfukoni, mkono umefika mezani.

"Mwalimu, naomba nifute," akasema. "Nirekebishe. Nitarekebisha za wote."

Mzee akaweka kiganja juu ya karatasi ile. Mkono hakuwa ameukausha, maji yakaingia kwenye mchoro.

"Usifute," akasema. "Liache hivyo hivyo."